Mbona Hawaji Kula?

Wanjugu alikuwa mtu wa kulisha watu. Ukimtembelea nyumbani kwake Dagoretti Corner, hata kama umetoka kula sasa hivi, utakula tena. Mumewe, Mwaura, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo barabarani, aliwatania wageni kila mara: "Kaeni tu chini. Hapa hakuna mtu hutoka bila kula."

Kazini pia alikuwa vivyo hivyo. Alifanya kazi katika ofisi ya masilahi ya wanafunzi, kwenye chuo kikuu kimoja katikati ya jiji la Nairobi. Yeye ndiye aliyeanzisha mpango wa chakula cha mchana kwa wanafunzi wasiojiweza. Akina mama wa kanisa lake walichanga. Chuo kikatoa jiko na mpishi. Mwanafunzi aliyekubaliwa alipewa kadi, na kwa kadi hiyo alikula bure siku zote za masomo.

Sasa ulikuwa mwaka wa 2006, na jambo moja lilikuwa linamnyima raha. Chakula kilikuwa kinabaki. Kila siku sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ilirudi jikoni ikiwa nusu.

"Madam, hawa watoto hawana njaa," alisema Dalmas, mpishi, huku akifunika sufuria.

"Wana njaa, Dalmas. Mimi ndiye niliwaandikisha. Najua wanatoka wapi."

"Basi mbona hawaji?"

Swali hilohilo aliulizwa na Bwana Wahome, naibu wa mkuu wa chuo. Bwana Wahome hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kupenda mambo yaeleweke.

"Mama, mimi sio adui ya huu mpango," alimwambia. "Lakini chakula kinamwagwa. Nikiulizwa kwa mkutano, nitasema nini? Tukifika mwisho wa muhula na hali ni hii, tutaufunga."

Wanjugu alitoka ofisini humo. Kufunga? Alijua wanafunzi ambao chakula hicho kingekuwa mlo wao wa pekee kwa siku. Hapana. Mpango haufungwi. Akaamua kuwauliza wanafunzi wenyewe.

Na aliwauliza kwa moyo wake wote, jambo ambalo ndilo lililoharibu kazi. Ijumaa moja aliwaita wenye kadi ukumbini. Wengine walifika, wengine hawakufika. Akaanza kwa sala. Akaeleza jinsi akina mama wa kanisa walivyojinyima ili wao wale. Akampa kila mmoja soda na mandazi. Kisha akagawa karatasi za maswali. Swali la kwanza lilikuwa jina la mwanafunzi, ili akina mama wapate kumwombea. La pili liliuliza: "Je, unafurahia chakula kizuri unachopewa?" La tatu: "Una neno gani la shukrani kwa wafadhili wetu?" Wanafunzi wakaandika, naye akapita katikati yao akiwachungulia na kutabasamu.

Jumatatu alimpelekea Bwana Wahome karatasi hizo akiwa na furaha tele. Bwana Wahome alizisoma, akavua miwani.

"Wote wanasema chakula ni kizuri sana?"

"Wote!"

"Basi mbona hawaji kula?"

Wanjugu alikusanya karatasi zake, akaondoka.

Wiki ile ile msichana mmoja alianguka maktabani. Aliitwa Nakhumicha, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikuwa amepanga chumba kidogo Kangemi, na mara nyingi alikuja mjini kwa miguu. Wanjugu alimkuta amelazwa katika zahanati ya chuo, midomo imemkauka. Alimkumbuka vizuri. Alikuwa amempa kadi ya chakula kwa mkono wake mwenyewe.

"Umekula nini leo, mami?"

"Chai."

"Na jana?"

"Nilikunywa chai pia, madam."

"Na kadi uko nayo! Mbona hukuja kula?"

Nakhumicha aligeukia ukutani. "Sikuwa nasikia njaa," akasema.

Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua. Wanjugu alimshika mkono. Aliumia sana. Chakula kipo, njaa ipo, na katikati yake kuna kitu kinachowazuia watoto hawa. Kitu gani? Akaapa kwamba atakijua kabla muhula haujaisha.

Mlango wa pili kutoka kwake aliishi jirani yake, Laila Hemed, ambaye wote walimwita Mama Musab. Laila alizaliwa Lamu, na alifanya kazi mjini katika kampuni ya utafiti. Kazi yake ilikuwa kuuliza watu maoni kuhusu sabuni, redio, hospitali na mengineyo, kisha kuyachambua majibu. Jumamosi asubuhi Wanjugu alimwita nyumbani kwake, akampikia chai, akamwekea karatasi zote mezani.

Laila alisoma moja baada ya nyingine. Mwisho akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Mama Ken, hebu nikuulize. Umealikwa kwa watu. Mwenye nyumba kakupikia wali, na wali wenyewe umeungua. Kasimama mbele yako na mwiko wake, akuuliza, 'Je, waufurahia wali wangu mtamu?' Utamjibuje?"

"Nitasema ni mtamu sana."

"Na kama kwanza amekuombea dua, kisha akakupa na soda?"

Wanjugu alihisi uso unamchoma. "Nitaomba niongezwe," akasema kwa sauti ndogo.

Mwaura, aliyekuwa akisoma gazeti kando, aliangua kicheko mpaka gazeti likamdondoka.

"Basi hao watoto hawakukudanganya," Laila alisema. "Wamekustahi. Wewe ndiye uwalishaye, na wewe ndiye uliyewasimamia wakiandika, na majina yao umeyataka. Nani atathubutu?"

"Lakini majina yalikuwa ya maombi!"

"Maombi ni mazuri, mwenzangu. Lakini usiyachanganye na maswali. Mtu akitaka kusema kweli bila kuogopa, asiandike jina. Tena swali lako limekwisha kujijibu lenyewe. Umeshamwambia chakula ni kizuri, yeye aseme nini zaidi? Uliza tu, 'Chakula unakionaje?' Umpe nafasi ya kusema kizuri, cha kawaida, au kibaya."

Wanjugu alichukua kalamu akaanza kuandika. Kuaibika alikuwa ameaibika, lakini kazi ilikuwa inangoja.

"Na kuna kosa kubwa kuliko hayo," Laila aliendelea. "Uliwauliza kina nani?"

"Wenye kadi waliokuja ukumbini."

"Nakhumicha alikuja?"

"Hakukuja."

"Na wale wengine wasiokuja kula?"

Wanjugu alitikisa kichwa.

"Umewauliza walioshiba kwa nini wengine wana njaa, Mama Ken. Hawajui. Waulize wanafunzi wote, wanaokula na wasiokula, wenye kadi na wasio na kadi."

Siku hiyo wakatunga maswali mapya, machache na mafupi. Ken, mwana wa Wanjugu aliyesoma katika chuo kingine, akayapiga chapa kwenye siberi, duka la kompyuta na intaneti. Laila akasema wasitoe nakala nyingi kwanza. Yajaribiwe kwa watu wachache, waone kama yanaeleweka. Ken akawapa marafiki zake, na mmoja wao akarudi kwa Wanjugu akikuna kichwa.

"Mathe, hapa mnauliza kama chakula na wahudumu ni wazuri. Sasa mimi kwa shule yetu chakula ni poa, lakini yule jamaa wa kupakua ana madharau mob. Nijaze ndio ama la?"

"Unaona!" Laila akasema. "Tumeuliza mambo mawili kwa swali moja. Tuyatenganishe."

Bwana Wahome hakushawishika upesi. "Wasio na kadi watajua nini kuhusu mpango ambao si wao?"

"Bwana Wahome, ukinikatalia leo nitarudi kesho," Wanjugu alisema. "Nakhumicha alianguka kwa njaa na kadi iko kwa mfuko. Karatasi zangu za kwanza hazikutuambia kwa nini. Nilikosea kuuliza. Nipe nafasi niulize vizuri."

Bwana Wahome alimtazama. Si kila siku alisikia mtu wa ofisini akisema amekosea. "Haya," akasema. "Uliza."

Karatasi ziligawiwa madarasani na wawakilishi wa wanafunzi. Juu kabisa iliandikwa: Usiandike jina lako; hakuna atakayetafutwa. Walimu walitoka nje. Aliyemaliza alikunja karatasi yake na kuitumbukiza katika sanduku lililofungwa kwa kufuli, na asiyetaka kujibu hakulazimishwa. Wanjugu mwenyewe alikatazwa na Laila kukanyaga madarasani. Alikaa ofisini akizungusha kalamu. Kukaa huko kulimwia kugumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Jumamosi sanduku lilifunguliwa juu ya meza ya Laila. Walihesabu majibu kwa kuchora vijiti karatasini, Mwaura akipika chai na kuulizauliza wamefika wapi. Haikuchukua muda jibu likaanza kuonekana. Wengi walisema chakula ni cha kawaida tu. Wachache walisema muda ni mfupi. Lakini lile swali la mwisho, "Kama una njaa na huendi kula, ni kwa nini?", lilijibiwa kwa maneno yaleyale karatasi baada ya karatasi: foleni ya pekee ya wenye kadi, na sahani za bluu.

Wanjugu aliacha kuhesabu.

Sahani za bluu alizinunua yeye pamoja na akina mama wa kanisa, mjini, kwenye duka la jumla. Walichagua rangi hiyo ili zisichanganyike na sahani nyeupe za chuo na kupotea. Walikuwa wamezionea fahari. Hawakufikiria hata siku moja kwamba mwanafunzi akibeba sahani ya bluu, bwalo zima linajua kwao hakuna kitu.

Karatasi moja iliandikwa hivi: "Nilikula siku moja tu. Kutoka hiyo siku watu wa darasa langu wananiita Bluu. Afadhali njaa."

Wanjugu alilia. Alilia waziwazi, hapo mezani kwa jirani. Kisha akaishika karatasi ile karibu na macho.

"Hii mwandiko nadhani naijua. Nikiangalia zile za kwanza nitamjua ni nani. Nimwite, nimwombe msamaha."

Laila alinyoosha mkono, akaichukua karatasi polepole. "La. Uliwaahidi hutawatafuta. Ukimtafuta huyu, hata kwa wema, hakuna atakayekwambia kweli tena. Msamaha utamwomba kwa kurekebisha."

Wanjugu alifuta machozi. "Haya," akasema. "Tuhesabu tumalize."

Jumapili, baada ya ibada, aliwaeleza akina mama wa kanisa. Alikuwa na hofu, maana walikuwa wamechanga kwa jasho. Mwenyekiti wao, Mama Wanjira, aliuma mdomo.

"Yaani ni sahani zetu zinawafukuza?"

"Ni zetu, mama. Mimi ndiye nilizichagua."

"Mimi nikiwa msichana singebeba," akasema Mama Wanjira. "Zirudishwe hapa kanisani. Tutazitumia kwa harusi."

Kwa Bwana Wahome, Wanjugu hakwenda na maneno matupu. Alikwenda na hesabu. Zaidi ya nusu ya waliosema wanakaa na njaa walitaja foleni au sahani. Bwana Wahome alisoma, na mara hii hakuvua miwani.

"Tunafanya nini?" akauliza.

"Foleni iwe moja. Sahani ziwe za aina moja. Wanaolipa na wasiolipa wapewe kuponi ya rangi moja, na dirisha moja. Nani amelipiwa na mpango, hiyo ibaki kwa ofisi yangu."

Ikafanyika. Laila akasisitiza jambo la mwisho: watu wakikupa maoni, warudishie habari. Kwa hiyo kwenye ubao wa matangazo likabandikwa tangazo kubwa: "Mlituambia foleni na sahani zinawaaibisha. Tumeziondoa. Tunaomba msamaha. Mwisho wa muhula tutawauliza tena."

Wiki chache baadaye Wanjugu alisimama bwaloni saa ya chakula. Foleni ilifika hadi mlangoni. Alijaribu kutambua ni nani wa mpango na ni nani aliyelipa, akashindwa. Yeye mwenyewe aliyewaandikisha, akashindwa! Moyo wake ulijaa furaha. Mpango haukufungwa, na Dalmas alikuwa akikwangua sufuria chini kabisa.

Nakhumicha akapita na sahani yake nyeupe. Mashavu yalikuwa yamemjaa kidogo. Alifika mbele ya Wanjugu, akasita.

"Madam, naweza sema kitu? Na hautakasirika?"

"Sema, mami."

"Hii githeri haijaiva. Mahindi inaumiza meno."

Mwiko wa Dalmas ulisimama hewani.

"Ni leo tu, ama kila siku?" Wanjugu akauliza.

"Kila siku, madam. Tangu nijiunge."

"Ni ukweli, madam!" mwingine akadakia huko nyuma. "Ile mahindi ni mawe!" Foleni ikaangua kicheko, na Wanjugu akacheka kuliko wote, machozi yakimlengalenga. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia ukweli usoni mpaka siku hiyo.

"Dalmas," akasema, "kuanzia leo mahindi yalowekwe usiku kucha."

Nakhumicha akaenda kuketi na wenzake, akala githeri yake ngumu mpaka ikaisha.