Mke wa Injini Nyepesi

Kiti cha abiria kilikuwa na joto.

Arwa alikaa, akainuka, akakipapasa kwa kiganja, akakaa tena. Gari lilikuwa limelala gerejini tangu juzi, na baridi ya Januari ya Dearborn, huku Marekani, si ya mchezo, mumewe Ghamdan mwenyewe alikuwa ameshika usukani kwa glavu. Lakini kiti kile kilikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuondoka sasa hivi. Tena kilikuwa kimelazwa nyuma, kama wanavyolaza watu wanaosafiri kwa raha zao.

"Nani alikaa hapa?"

"Nani akae?" Ghamdan akacheka, akawasha. "Achana na kiti, mama Iyad, sikiliza injini."

Ilikuwa injini mpya. Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake Ghamdan, Hajj Muthanna, gari la milango miwili na boneti ndefu kama jeneza, moja ya zile za zamani za kukimbizana, na tangu arusi yao Arwa alikuwa akiliita mke mwenza. Kipupwe chote Ghamdan na wenzake wa kiwandani walishinda gerejini nyuma ya nyumba, huku yeye anahangaika ndani na kichanga chao, Iyad. Wakaing'oa bloku ya zamani, pande la chuma cha kumimina ambalo wanaume wanne walishindwa kulisogeza, wakapachika ya alumini, nyepesi, inang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Pua ya gari imepungua uzito, alisema Ghamdan, sasa linakata kona kama limefundishwa. Lile pande la chuma wakampa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akalipeleka kuyeyushwa.

Arwa hakuisikia injini. Alisikia harufu ya asumini.

Asumini mbichi, ile wanayosokotewa nywelini maharusi kwao Yemen. Theluji imefika magotini, nani ana asumini? Akageuza uso dirishani, na hapo ndipo alipouona unywele umenasa kwenye mkanda, mweusi, mrefu, anauvuta na hauishi, anauvuta na hauishi, mpaka ukamjaa mapajani.

Walipofika nyumbani akauinua ule unywele.

"Huyo mwanamke wako anapaka mafuta gani?"

"Mwanamke gani tena?"

"Anayekaa kiti changu. Unywele wake huu hapa."

Ghamdan akautazama, akamtazama na yeye, kwa huruma ile ya kumwonea mgonjwa. "Mke wangu, hulali vizuri tangu ujifungue. Huo ni wako. Jana tu ulikuja gerejini ukakaa pale, ukanisimulia habari za kwetu Ibb, ukacheka. Nilifurahi, wallahi. Leo umeamka na ugomvi."

Tangu ajifungue Arwa hakuwahi kukanyaga gerejini.

Hakumwambia. Angemwambia nini? Alimsubiri mama mkwe, Hajja Nuriya, ambaye wakati wote huo alikuwa kwa binti yake, mji wa Lackawanna. Siku aliporudi, kabla hajavua hata koti, Arwa alimwekea chai ya maziwa akamsimulia yote, joto la kiti, asumini, unywele, kwa pupa, akitumaini mzee atamkaripia mwanawe kama mama wanavyokaripia.

Hajja alisikiliza huku anapuliza chai. Alishituka pale tu Arwa alipotaja injini.

"Wamelitoa lile pande la chuma?"

"Wameweka nyepesi."

Kikombe kikatua mezani, chai ikamwagika, na mzee hakuifuta.

"Basi mumeo hana mwanamke, mwanangu," alinong'ona. "Huyo ni jini wa baba yake. Alimpenda marehemu tangu anachunga mbuzi kule Ibb, akamfuata mpaka huku. Mimi nimelala naye chumba kimoja. Anajilaza katikati yetu, nageuka nakuta mgongo wa baridi. Mimba zangu mbili za kwanza zilitoka, na kila ilipotoka nyumba ilinuka asumini. Mpaka marehemu alipoletewa sheikh, akaambiwa tafuta chuma kizito usichoweza kukibeba, kisomewe, kikae karibu na nyumba yako, kimzuie. Ikasomewa ile bloku ya gari. Ndipo nikamzaa Ghamdan."

"Lakini mama, gari zima si chuma?"

"Lile lingine bati tu. Bati hata paka analala juu yake." Akamshika mkono. "Mumeo mwenyewe yuko wapi?"

"Gerejini."

"Na mtoto?"

"Amelala. Mkasi uko chini ya godoro, kama ulivyoniambia."

"Mkasi unamzuia yule jini kumgusa mtoto. Haumzuii baba yake kumbeba."

Huko nyuma injini ikawaka.

Arwa alikimbilia chumbani, akakuta kitanda kitupu, shuka bado vuguvugu, akatoka bila viatu, theluji inamchoma nyayo na yeye haisikii, jua la alasiri kali juu ya mapaa, majirani wanazoa theluji kwa makoleo yao kana kwamba dunia ni ile ile, na harufu inamjia kabla hajafika, asumini na petroli, petroli na asumini, akavuta mlango wa gereji, moshi ukamvaa usoni, na ndani ya moshi akaona taa za gari, akamwona Ghamdan kwenye usukani anatabasamu, na pembeni yake, kwenye kiti kilicholazwa, akajiona mwenyewe. Uso wake. Gauni lake, hata doa la maziwa kifuani. Nywele tu ndizo zilizidi, zimemwagika mpaka sakafuni. Na mikononi mwake Iyad, amelala fofofo.

Ghamdan alimtazama Arwa kama anavyotazamwa mpita njia aliyekosea nyumba. Akamgeukia yule wa pembeni.

"Mama Iyad, huyu nani?"

"Simjui," lilijibu lile jini, kwa sauti ya Arwa, ila tamu kuliko ya Arwa.

Arwa akazunguka, akainama dirishani.

"Nipe mwanangu."

"Wewe umekalia kiti changu tangu siku ya arusi yako. Baba yake alinifungia nje. Huyu amenifungulia mwenyewe, kwa mikono yake."

"Nipe mwanangu, dada."

"Nimpe nikae na nini? Mwanamume hatulii na mwanamke mtupu."

"Utamzalia wako." Neno lilimtoka kabla hajalipima, na lilipotoka akaona hana la kulirudisha. "Mchukue yeye. Chukua gari, chukua huo uso, uvae mpaka uchakae. Mtoto nipe."

Yule akacheka, meno ya Arwa, kicheko cha Arwa, kile ambacho Ghamdan alikuwa hajakisikia ndani ya nyumba kwa miezi. Kioo kikashuka. Akamkabidhi mtoto taratibu, akiwa amemshikilia kichwa vizuri, kama mama.

Gari likatoka kwa kurudi nyuma, jepesi, halina hata mngurumo.

Sasa Arwa na Hajja Nuriya wameiacha nyumba, wanapanga chumba juu ya duka la mikate, mtaa wa tatu kutoka pale. Sheikh aliletwa, akaisomea gereji tupu, akatikisa kichwa, akakataa hata chai. Ghamdan hajaja kuuliza. Kwa nini aulize? Kwake yeye mkewe yuko nyumbani.

Juzi Arwa alishuka kununua mkate, akiwa amemfunga Iyad ndani ya koti, akakutana na mama Ghassan, jirani yao wa zamani.

"Nyie wawili mmeanza uchumba upya," mama Ghassan akamtania. "Nimewaona jana na lile gari lenu, hata salamu hamna. Na hongera, shosti. Koti hili linakuficha, lakini jana tumbo nimeliona, mashallah. Hata huyu hajaanza kutambaa."

Arwa akamkumbatia mtoto mpaka akalia. Alijua la kufanya, apande juu, amwambie Hajja, wafungashe, wahame mji leo hii kabla yule hajajifungua. Alijua. Lakini mguu haukutoka.

"Mama Ghassan," akasema, "na yeye, baba Iyad, ulimwonaje?"

"Nilimwonaje vipi, na wewe ulikuwa naye?" Yule mama akacheka. "Alikuwa amekulalia begani, mwenzangu. Mkono mmoja usukani, mmoja tumboni mwako."