Suruali za Papa Feruzi

Nusu ya wakubwa wa Kisangani walivaa abacost, suti zisizo na tai, zilizotoka mkononi mwa Papa Feruzi. Mashini yake ya kushona ilikaa barazani, kule Kabondo, naye alikaa nyuma yake tangu asubuhi mpaka jua lizame. Hakuinuka. Ainuke kwa nini? Maji ya kunawa aliletewa na mkewe, Mama Kadidja. Chai aliletewa na wakwe zake, wake za wanawe, sukari imejaa mpaka kijiko kinasita kuzunguka. Mkasi ukianguka, nyumba nzima iliukimbilia. Walimheshimu mzee wao, na heshima hiyo ikamshona kitini kama kifungo.

Lakini jambo moja halikufichika. Papa Feruzi ndiye aliyeongoza sala ya familia, na akishasujudu hakuweza kuinuka. Wanawe walimshika makwapani, wakamsimamisha kama gunia la mchele. Nyuma yake, mdogo wake Hemedi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayengoja cheo. Siku moja alisema wazi, kwa sauti ya asali:

"Kaka, kisha miezi kidogo Idi ya kuchinja itafika. Weye ikala kwa kiti, usali pole pole. Mbele pale nitasimama miye."

Papa Feruzi alirudi barazani. Hapo alifanya wafanyavyo mafundi. Suruali yake ilikuwa imelegea mapajani na kubana tumboni. Basi akaipunguza mapajani, akaiongeza tumboni. Mwaka ule alikuwa amezishona hivyo suruali zake zote, na kila mara alilaumu kitambaa. Tergal ya siku hizi, alisema, haina akili.

Jirani yake Micheline alikuwa muuguzi wa dispensari. Serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, na makaratasi yake yalimwita jina lingine, la mababu, lakini mtaani nani alisoma makaratasi? Alikuja kuchukua blauzi yake, akaona ile suruali. Akaona pia mzee anakunywa maji kama pampu na kwenda chooni kila dakika. Akamwambia aje kupimwa.

Mkojo ulikuwa na sukari. Daktari alimpima shinikizo la damu, akasikiliza moyo, akampa dawa. Kisha akamruhusu afanye mazoezi, na Micheline ndiye aliyeeleza.

"Papa, kitambaa haina kosa. Musuli ya mapaja inakula sukari mingi ya mwili. Ukiikala siku muzima, musuli inapunguka. Alors sukari inakosa pa kwenda, inabakia mu damu."

"Miye ni muzee. Muzee anapashwa kupumzika."

"Musuli ya muzee inaweza kurudi, Papa. Lakini uisumbue kweli. Kutembea kama bibi-arusi haitoshi."

Akamwonyesha. Uinuke kitini bila kutumia mikono, tena na tena, mpaka mapaja yawake moto. Pumzika. Rudia. Siku nyingine upande mwinuko wa kutoka mtoni, pale Wagenia, kwa haraka mpaka maneno yakatike. Kisha utembee polepole, pumzi irudi, na uanze tena. Anza kidogo, ongeza kila juma, upumzike siku ya katikati. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, acha na uje dispensari. Dawa usiache. Chai, punguza sukari.

Kazi ngumu ilikuwa ya Mama Kadidja. Mume alipojaribu kuinuka, mikono ya mkewe ilimrukia yenyewe. Micheline akamwambia kwamba mkono unaomwinua mzee unamwibia nguvu. Mama Kadidja alilalamika: majirani watasema amemtupa mume wake. Mwishowe aliikalia mikono yake mwenyewe, akatazama pembeni. Papa Feruzi akainuka nusu, akaanguka kitini puu. Akajaribu tena.

Wavuvi wa Wagenia walimwona anapanda mwinuko, jasho linamwagika. Wakamwuliza nani anamfukuza. Alishindwa kujibu kwa kukosa pumzi, na hapo ndipo alipojua anafanya sawasawa. Pumzi iliporudi, alisema:

"Mudogo yangu."

Miezi ikapita. Dispensari ikaona sukari imeshuka. Na barazani, Papa Feruzi akafungua mishono ya mapajani, kwa maana sasa suruali ilimbana pale. Aliwaita wakwe zake waje kuitazama, kama watu wanavyoitwa kutazama mtoto mchanga.

Siku ya Idi, watu waliporudi kutoka msikitini, familia ilijipanga nyumbani kwa sala ya adhuhuri. Papa Feruzi alisimama mbele. Akasujudu. Wanawe walinyoosha mikono kwa mazoea, lakini hawakumfikia. Mzee alikuwa amekwisha kusimama, peke yake, mgongo umenyooka kama uzi wa kupimia.

Sala ilipokwisha, wote waliinuka kumpa mkono wa Idi. Hemedi tu alibaki mkekani, tumbo mapajani, akitafuta mtu wa kumshika.

Papa Feruzi aliweka mikono yake nyuma.

"Hapana, mudogo. Pitia dispensari kwanza, wasikilize moyo yako. Kisha tuonane Wagenia."