Moto Upande wa Miche

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Safi alipeleka maneno. Baba yake, papa Feruzi, alikuwa mlinzi wa msitu kwenye barabara ya Bengamisa, na mguu wake wa kushoto haukukunjika tena. Alipokuwa na jambo la kumwambia bwana shamba, alimwambia kwanza binti yake, akamfanya alirudie neno kwa neno, kisha akampa kipande cha muhogo cha kula njiani.

Bwana shamba huyo aliitwa Alexis. Alikaa ng'ambo ya kijito. Safi aliumaliza muhogo wote kabla ya kuvuka, kwa sababu hakutaka kutafuna kitu chochote mbele ya mtu yule.

Miaka miwili nyuma, waasi walipouteka mji, waliingia vijijini kutafuta watumishi wa serikali. Papa Feruzi alivua kofia yake ya kazi, akaketi katikati ya wakulima kama mkulima mwingine. Waasi walimshika Alexis, wakamwuliza: ni nani mwingine? Alexis akanyoosha kidole. Safi alikuwa amejificha nyuma ya jiko, na alikiona kidole kile vizuri. Kilikuwa na pete ya shaba. Wakamvunja baba yake mguu kwa vitako vya bunduki. Jamaa nzima ilikimbilia msituni, ikala mbinzo, wale viwavi wa mitini, mpaka vita vikapita.

Sasa vita vilikuwa vimekwisha, mji umeanza kuitwa Kisangani, na amri ilikuwa imetoka Makiso, mtaa wa maofisi mjini: watu wa misitu na watu wa kilimo wafanye kazi pamoja. Zamani kila ofisi ilikwenda kivyake. Ofisi ya kilimo iliwapa watu mashamba bila kuuliza, kisha ile ya misitu ikaja kuwafukuza mpunga ukiwa umeshaota. Kwa mpango mpya, wakulima wangepanda mpunga na ndizi katikati ya mistari ya miche ya miti. Mpunga ungevunwa, miche ingebaki, na msitu ungerudi. Alexis alisimamia mpunga. Feruzi alisimamia miche, ambayo aliiotesha kwa mbegu alizozificha ndani ya mkebe wa maziwa wakati wote wa uasi.

"Papa, unawezaje kusimama shamba moja na yule?" Safi aliuliza siku moja.

"Kwa mguu mmoja," baba akajibu.

Kiangazi kilipofika, shamba jipya lililofyekwa lilikauka, likawa tayari kuchomwa. Lilipakana na shamba la miche. Hapo katikati walikuwa wakisafisha njia ya moto, yaani ukanda mpana wa udongo mtupu ambao moto hauwezi kuuvuka.

"Mwambie Alexis asiwashe leo," baba alisema. "Njia ya moto haijafika kijitoni. Rudia."

"Asiwashe leo. Njia ya moto haijafika kijitoni."

"Bon. Nenda."

Safi akaenda, na njiani pete ya shaba ilimwakia machoni. Moto ukitoka nje ya shamba, alifikiri, wakubwa watamfukuza Alexis kazi. Atarudi kwao na mikono mitupu, na watu watamcheka barabarani.

Alexis alikuwa ameketi mlangoni akinoa panga. "Mutoto wa forestier, mulinzi wa musitu! Papa yako iko na maneno gani leo? Tena tungoje? Kila siku tungoje, tungoje. Mvua itatukuta tumekaa hapa kama mawe."

"Amesema iko tayari," Safi akajibu. "Washa."

"Alors! Leo mzee ameamka vizuri."

Darasani, Safi alipouona moshi dirishani, moyo wake ulicheka. Kisha upepo ukageuka, na kicheko kikamkauka. Alikuwa amemfikiria Alexis peke yake. Pale kijitoni, mahali njia ya moto ilipoishia, ndipo mistari ya miche ilipoanzia.

Alitoka mbio bila kumwomba mwalimu ruhusa. Alimkuta baba yake ndani ya moshi, akipiga moto kwa matawi mabichi huku akiuburuta mguu. Alexis alikuwa ubavuni pake, shati limeungua begani. "Kushoto, Feruzi! Kushoto!" alipiga kelele, na wakulima wakaja na ndoo. Moto ulipozimika, nusu ya miche ilikuwa vijiti vyeusi.

Kesho yake wakubwa wa ofisi zote mbili walikuja kwa gari moja. Wakulima walikusanyika. Bwana Benoît, mkubwa wa misitu, alimkabili Alexis.

"Nani alikuambia uwashe?"

Alexis alimtazama Safi. Akainua mkono, na Safi akaiona ile pete. Kisha mkono ukashuka.

"Hakuna mtu," alisema. "Kosa ni langu."

"Basi, toa kofia ya serikali. Kazi imekwisha."

Kisasi kilikuwa kimetimia. Safi alihitaji kunyamaza tu. Alimchukia Alexis wakati ule kuliko siku zote, kwa sababu ya kidole ambacho safari hii hakukinyoosha. Lakini akajipenyeza mpaka mbele ya watu.

"Ni mimi!" alisema. "Papa alisema asiwashe, mimi nikamwambia awashe. Nilitaka afukuzwe, kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa papa kwa waasi!"

Alexis alikuwa ameishika kofia mikononi, akiikunjakunja.

"Ni kweli," akasema mbele ya wote. "Niliogopa kufa, nikamtoa Feruzi."

Bwana Benoît alishauriana kidogo na mwenzake wa kilimo. Wakamrudishia Alexis kofia, wakatoa amri mpya: moto hautawashwa kamwe mpaka watumishi wa ofisi zote mbili wawe wamesimama pamoja kwenye njia ya moto. Neno la kazi halitabebwa tena na mtoto. Na miche ipandwe upya: Alexis achimbe mashimo, Safi apande.

Jumamosi, Safi alipiga magoti kwenye majivu karibu na baba yake.

"Papa, umemsamehe?"

"Bado. Nilingoja muda mrefu ayaseme maneno yale mbele ya watu. Nimeyasikia, na yalikuwa matamu sana." Papa Feruzi alimpa mche. "Lakini wewe ulitaka kumchoma Alexis, ukachoma nini? Huu msitu ndio uliotuficha na kutulisha. Haukuninyooshea kidole. Mtu akikukosea, mdai yeye mwenyewe, mchana, mbele ya watu, kama ulivyofanya mwisho. Usiulipishe mti. Na neno la kazi ukipewa kupeleka, lipeleke kama lilivyo, hata kwa adui yako. Umesikia?"

"Nimesikia, papa. Pole kwa miche yako."

"Mkebe bado una mbegu."

Kisha aligeuka, akapaza sauti. "Alexis! Shimo hilo halina kina. Chimba tena."

Alexis akachimba tena. Papa Feruzi aliegemea fimbo yake akamtazama, wala hakuwa na haraka ya kumwambia imetosha.