Ramani ya Bwana Kipanya

Je, msikilizaji wangu, umewahi kumwambia mtu jambo mara tatu, akakuitikia zote tatu bila kukusikia?

Ndivyo alivyoishi mke mmoja mshonaji. Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa imetulia: pazia limefungwa fundo ili upepo upite, chai imefunikwa, cherehani kimya, maana tumbo la miezi tisa lilishaanza kugonga meza. Mumewe, ambaye majirani walimbandika jina Bwana Kipanya kwa vile mkono wake haukubanduka kwenye kipanya cha kompyuta, alikuwa akimalizia ramani ya tovuti ya manispaa. Ukibonyeza ulipo, inakuja zahanati yako, simu yake na njia ya kufika. Kazi nzuri, sikatai. Kila mtaa aliuchorea mpaka wake juu ya picha, nukta kwa nukta.

"Mume wangu, nikibonyeza hapa kwetu naletewa zahanati ya ng'ambo ya reli. Kule hawazalishi."

"Mm."

"Nakuambia tangu juzi."

"Nimejaribu mitaa yote, mama. Inafanya kazi."

Kujaribu kwake, jamani, kulikuwa kubonyeza katikati ya mtaa. Nyumba yao ilikuwa ukingoni, na hapo mpaka wa mtaa wa jirani ulikuwa umelalia wa kwao. Dawa yake ni kusogeza nukta mbili tu! Yeye akahangaika na rangi, mtaa ukiguswa ugeuke kijani, maana saa tano angeionyesha kwa wakubwa. Akabeba kompyuta yake, huyoo.

Saa tano na nusu uchungu ukamshika mkewe mlangoni. Akampigia mumewe, simu ikakatwa. Akapiga tena, ukaja ujumbe: "Nipo kikaoni." Jirani, mama muuza mkaa, akakimbia kuita teksi. Dereva alikuwa mgeni wa mitaa ile.

"Tunaelekea wapi?"

"Si mumewe ametengeneza ramani? Ngoja." Jirani akabonyeza simu kwa kidole cheusi. "Hii hapa, ng'ambo ya reli! Kanyaga mafuta!"

"Si huko..." alianza mke, uchungu ukamkata kauli.

Kauli ilipomrudia, walikuwa getini, na mlinzi anatikisa kichwa. "Hapa ni meno na chanjo tu, mama. Wazazi wanapokelewa huko mlikotoka."

Wakageuza. Kufika kwenye reli, kizuizi kimeshuka. Treni ya mizigo, mabehewa hayaishi.

"Usisukume, mwanangu!"

"Mwambie yeye huyu anayekuja!"

Mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma, wa kike, kimya kabisa. Jirani akamfuta pua, akamsugua mgongo kwa taulo la dereva. Kimya. Mke alitazama ile midomo ya bluu. Jirani akasugua tena, kwa nguvu. Ndipo kikatoka kilio chembamba, na dereva, mwanamume mzima, akainamia usukani akalia naye.

Huko kikaoni, kama mume alivyokiri baadaye, mkubwa mmoja alimwambia, "Haya, bonyeza kwako tuone." Akabonyeza. Ikaja zahanati ya meno. Akakumbuka ile simu aliyoikata.

FUNZO

Enyi mnaotengeneza vitu vya kuwaelekeza watu, visikilizeni kwanza vinywa vya wanaovitumia. Kazi isiyojaribiwa na mtu wa ukingoni haijaisha, hata ikipigiwa makofi. Na anayewasaidia watu wa mji mzima huku amemzibia masikio wa nyumbani kwake, huyo hajasaidia bado. Mtoto huyu alipona. Mwingine asingepona.

Mume alisogeza zile nukta siku hiyohiyo. Lakini siku tatu mkewe hakumsemesha. Ya nne mume akaketi chini kando ya kitanda, mikono mitupu.

"Niambie, mke wangu. Ulitaka nini kwangu?"

Mke akamhamishia mtoto kwenye titi la pili, akavuta pumzi.

"Nilitaka nikuite mara moja tu," akasema, "uje."