Shimo la Tatu Kwenye Sinia

Sinia lilikuwa la watu wawili, lakini wali ulikuwa umeliwa pande tatu.

Djaffar aliliona shimo la tatu, akaendelea kula. Ulikuwa mlo wa suluhu, Ijumaa mchana, nyumbani kwake Mahajanga, mwaka wa pili wa uhuru, na mbele yake alikaa Saindou, mtu ambaye zamani angemchinja kwa furaha. Katika vita vya mwaka wa arobaini na saba, vya kumfukuza Mfaransa, Saindou alikuwa upande wa waasi, Djaffar upande wa Wafaransa. Saindou alifungwa pamoja na rafiki yake Maoulida, na Maoulida akafia gerezani kwa njaa. Aliyewachongea ni Djaffar, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini maiti hajibu, basi Djaffar akamwambia Saindou kwamba Maoulida ndiye aliyeyauza majina. Saindou alilia, akampa mkono, na Djaffar akatangaza mbele ya majirani: nyumba yangu ni nyumba yako. Hivyo ndivyo walivyopatana.

"Leo una njaa, ndugu yangu," Saindou alimtania, akilionyesha lile shimo.

Tangu siku hiyo harufu ya mhogo uliooza haikutoka nyumbani. Kila chakula kilipopakuliwa, upande usio na mtu ilisikika sauti ya kutafuna, taratibu, kwa adabu. Sittou, binti wa pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe, alikula kutwa na bado akakonda, mpaka shingo ikashindwa kubeba kichwa.

"Baba," alinong'ona, "nikimeza mimi, anashiba yeye."

Mwalimu Mroivili, mganga wa kitabu, aliitwa, akafukiza ubani, akasoma, akatega sikio tumboni mwa mtoto.

"Ni jini la njaa," alisema kwa sauti ya chini. "Lilikaa na Maoulida mpaka akakata roho, sasa linamdaia haki yake. Mimi siliwezi. Nenda Nosy Be, kwa mama yake, Bi Koulsoum. Mwambie nani alimuuza mwanawe. Yeye atalituma kwa huyo aliyemuuza, nalo litamwacha mtoto."

Djaffar alipanda meli akijifunza maneno mawili tu: ni mimi. Aliyarudia mpaka bandari ya Andoany, akayarudia akipanda kilima, akayarudia mlangoni, lakini alipokwisha kuamkia "Kwezi, mama," na kumwona yule kikongwe asiyeona ameshika sahani tupu ya mwanawe, sahani aliyoiosha kila siku kwa miaka kumi na nne, na alipoisikia ile harufu ya mhogo ikimjia kisogoni na ile taya ikianza kutafuna karibu kabisa na sikio lake, ulimi ukamwisha nguvu, akajiona yeye mwenyewe kitandani, mbavu tupu, sufuria imejaa pembeni.

"Nani, mwanangu?" bibi aliuliza kwa upole.

"Saindou."

Aibu ilimuunguza, lakini hakulirudisha neno.

Bi Koulsoum akaifunika sahani. "Basi likale nyumbani kwake."

Djaffar aliporudi, Sittou alikuwa barazani anakula vitumbua, na nyumba ilinukia sabuni. Mwezi ule ule alifariki mke wa Saindou. Wakafuata wanawe wawili, mifupa mitupu, jikoni chakula tele. Djaffar alibeba majeneza yote matatu, akirudi akalala fofofo. Watu wa aina hiyo hulala vizuri, msidanganyike.

Baada ya arobaini ya mwanawe wa mwisho, Saindou alikuja na mkeka kwapani. Majirani walikuwa wamesimama nje, macho yamewajaa huruma.

"Kwangu hakuna mtu tena," alisema. "Ulisema nyumba yako ni yangu. Nimekuja, ndugu yangu."

Angemkataa kwa sababu gani, mbele ya wale wale walioishuhudia suluhu?

"Karibu," Djaffar alisema, akampokea mkeka.

Sinia likatandikwa. Sittou alileta birika, akamnawisha mgeni, akamnawisha baba yake. Kisha akasogea upande usio na mtu, akainamisha birika, na maji hayakufika kwenye beseni.