Kicheko cha Mama Ombeni

Zebedayo na mkewe Tabita, Mama Ombeni, walilima kahawa na mahindi karibu na Mlowo. Zebedayo alipenda utani kuliko chakula. Kila jioni alikaa jikoni akimtania mkewe, na Tabita alicheka mpaka mwiko unamponyoka. Mimi Ruti, jirani yao, nilijua ugali wao umeiva kwa kusikia kicheko kile.

Mwaka wa mvua kubwa za Elnino, baada ya mavuno, kicheko kikapotea. Tabita akianza kucheka tu, kikohozi kinamkaba mpaka anashika ukuta. Zebedayo akaacha utani. Akawa anakula kimya, macho chini. Nyumba ikapoa, nami iliniuma sana.

Zahanati walimpima makohozi. Hakuwa na kifua kikuu. Siku moja nikaenda na muuguzi Imelda kumjulia hali. Tulimkuta jikoni na mumewe. Moshi ulijaa, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia.

"Shikamoo, mama. Mbona umeziba dirisha?" Imelda aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Si mbegu hizo." Tabita alionyesha mahindi yaliyoning'inia juu ya mafiga. "Moshi ukitoka, wadudu hawa fukusi wanaingia. Mama mkwe alinifundisha. Na moshi tumeuzoea."

"Wewe umeuzoea, mama. Mishipa yako ya fahamu haijauzoea."

Imelda akavuta kigoda.

"Puani, kooni na kifuani kuna mishipa ya fahamu. Seli zake zina malango madogo mno, hayaonekani kwa macho. Moshi una sumu kali. Sumu ikigusa lango, lango linafunguka. Chembe za chumvi zenye umeme kidogo zinaingia, na mshipa unapeleka habari kwenye ubongo kwamba panaungua. Ndipo yanakuja machozi na kikohozi. Mwili unajitetea."

"Na kicheko je?" Zebedayo aliuliza. "Kicheko hakina moshi."

"Mishipa ikichokozwa kila siku, baba, malango yanakuwa mepesi kufunguka. Hata pumzi ya kicheko au baridi kidogo inatosha kuleta kikohozi."

Zebedayo alimtazama mkewe. Kisha akasema polepole, "Kumbe si utani wangu uliomuumiza." Akageuka kufuta macho. Ni moshi tu, alisema.

"Na mbegu zikiliwa, tutapanda nini?" Tabita aliuliza.

"Zipukuchue, uzianike zikauke kabisa. Zijaze kwenye dumu mpaka juu, ukaze kifuniko. Fukusi wakikosa hewa wanakufa."

Kesho yake Zebedayo aling'oa gunia. Akatoboa ukuta juu karibu na paa, moshi upate njia. Kuni mbichi akazitandaza juani. Tabita akapukuchua mbegu, akazianika, zilipokauka akazijaza kwenye dumu.

Kikohozi hakikuisha mara moja. Kilipungua polepole. Mvua za kupanda zilipokaribia, tukafungua dumu jikoni, Tabita akisonga ugali. Mbegu zilikuwa nzima.

Zebedayo akazinusa. "Mama Ombeni, hizi hazinuki moshi. Nitajuaje kama ni zako?"

Tabita akaanza kucheka. Sote tukamwangalia, tukingoja kikohozi. Hakikuja. Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka, na Zebedayo akauokota.