Kimo cha Bahari Uani kwa Dobi

Kila asubuhi Dobi alifulia nguo za watu uani kwake, juu ya kisiki cha zege. Kisiki kilikuwapo kabla ya nyumba. Juu yake palikuwa na kipande cha shaba chenye namba. Namba za nini, hakuna aliyejua.

Siku hiyo mumewe, fundi mwashi, alitoka na nyundo kubwa.

"Mke wangu, ondoa nguo. Bosi Jicho anataka mawe ya mtaro. Hiki nakivunja."

Mtaro mpya ulikuwa ukichimbwa, Bosi Jicho akisimamia, kutoka mlangoni kwao hadi darajani, mtoni. Mtaa mzima uliusubiri. Mvua zilizopita maji yaliingia ndani hadi magotini. Mama mkwe wa Dobi amepooza. Fundi alimbeba mgongoni, mama wa watu akilia kama mtoto. Sasa zilibaki wiki mbili mvua zianze tena.

Nyundo ikapanda.

"We! Shusha hiyo nyundo!"

Alikuwa shangazi yake Fundi, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Siku hizi shangazi anauza kandambili. Zamani alikuwa mpimaji wa ofisi ya ramani ya serikali. Miaka tisa iliyopita ofisi ile ilinyimwa fedha. Mheshimiwa mmoja alisimama bungeni akasema, "Ramani hailiwi!" Watu wakampigia makofi. Wapimaji wakafukuzwa, milango ikatiwa kufuli. Waliopiga makofi wamesahau. Wapo wasiosahau.

"Shikamoo, shangazi. Mbona hiki ni kisiki tu?"

"Marahaba ya nini, na nyundo mkononi? Kisiki ni wewe! Hii ni alama ya upimaji. Hebu, mkwe, soma."

Dobi alisoma polepole. "Arobaini na moja, nukta, mbili sifuri."

"Ni mita. Hapo uliposhika ni juu ya usawa wa bahari kwa mita arobaini na moja na sentimita ishirini."

"Bahari gani, shangazi? Mimi bahari sijawahi kuiona!"

"Nayo imekufuata hadi uani. Tulianzia ufukweni. Mmoja anashika kipimo, mwingine anachungulia darubini. Tunapima, tunaandika, tunasogea. Milima, mashamba, makaburi. Miaka minne kwa miguu! Tuliubeba usawa wa bahari kama mtu abebavyo kikombe cha maji, asimwage hata tone."

Dobi aliondoa mkono taratibu, kama aliyegusa kitu kilicho hai.

"Na mimi miaka yote hii napigia chupi za watu hapa!"

"Bahari haina kinyongo," alisema shangazi. Kisha akautazama mtaro. "Huu ameupima nani?"

"Bosi Jicho," Fundi alijibu. "Kwa jicho."

"Lo! Lete mpira wako wa maji."

Ulikuwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa kusawazishia misingi. Maji ndani yake husimama sawa pande zote mbili. Hayana upendeleo. Kutoka kwenye shaba hadi chini ya mtaro, walipata mita moja. Kwa hiyo chini ya mtaro palikuwa mita arobaini na sentimita ishirini.

Wakaenda darajani. Alama ya pili, ambayo shangazi aliikumbuka pale, ilikuwa imefunikwa na tope. Dobi akaisugua: arobaini na moja, nukta, tano sifuri. Chini ya mtaro palikuwa sentimita tisini tu kutoka hapo.

Dobi akapiga hesabu kwa kidole kwenye tope. Akaipiga tena. Akainuka ghafla.

"Huku ni mita arobaini na sentimita sitini. Mwisho uko juu kuliko mlangoni kwangu! Maji yatarudi kwa mama!"

Bosi Jicho alicheka. "Shemeji, mto uko huku. Maji yanajua njia. Nenda kafue."

Dobi alirudi nyumbani, akaleta ndoo ya maji ya sabuni, akaimwaga mtaroni pale darajani. Povu lilisimama. Likatetemeka. Kisha likaanza kutambaa kuelekea nyumbani kwake.

Vibarua waliacha makoleo. Hakuna aliyecheka.

Wakachimba upya, darajani mita nzima zaidi. Kila hatua ishirini walipima, wakianzia kwenye alama. Bosi Jicho mwenyewe alishika ncha ya mpira.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa, ya kutisha. Majirani walisimama milangoni, viatu mkononi, tayari kukimbia. Maji yakaja. Yakapita. Yakashuka darajani yakinguruma. Ndani, mama mkwe alikuwa usingizini, mkeka wake mkavu.

Mkutano wa mtaa ulipoitwa, Dobi alikwenda na karatasi yenye sahihi mia tatu, nyingine za dole gumba. Walidai ofisi ya ramani irudishiwe fedha, na alama zilizobaki zilindwe. Walizungushwa miezi mitano. Hawakuchoka. Mwisho kikafunguliwa chumba kimoja cha ofisi ile, wapimaji wawili ndani.

"Mmeridhika sasa?" aliuliza yule mheshimiwa.

Dobi alihesabu viti vitupu vya wapimaji kando ya ukuta. Vilikuwa kumi na vinne.

"Hivi navyo vina watu wao," alisema. "Tutarudi Jumatatu."